Safari Niliyoipanga Mpaka Gome la Chitsakani

Juma lililopita nilikaa mkekani katika hitima ya mtu ambaye sijamsamehe. Nasema hivi mapema ili msomaji asije akanitafutia neno la adabu zaidi: nina hasira, na hasira yenyewe ina umri mkubwa kuliko watoto wangu. Nyumba ya marehemu ni ya ghorofa, pale Likoni, na wanawake tulijaa ukumbini mpaka uani. Yasini ilikuwa imekwisha kusomwa, masinia ya pilau yameteremshwa, na sinia letu lilikuwa la watu watano. Hapo akaja Maimuna, binti wa marehemu, amemshika mkono mjukuu, kisichana cha miaka kumi hivi. "Shangazi Zuhura," akaniambia, "mweleze huyu mtoto babu yake alikuwa mtu gani. Wewe ndiwe karani wake wa kwanza. Baba alikufungulia maisha." Bibi mmoja aliyekaa mkabala nami akadakia, "Wallahi, Twaha alikuwa mtu wa watu." Wote wakanitazama. Tonge lilikuwa mkononi. Nikalirudisha kwenye sinia, jambo ambalo mamangu angenipiga kwalo, nikamwambia yule mtoto, "Babu yako alinifundisha kupiga chapa." Kisha nikasimama nikatafuta viatu vyangu.

Dini yatuhimiza tuyataje mema ya maiti wetu. Basi nayataja, yasije yakasemwa nimeyaficha. Mjomba Twaha, kama Likoni nzima ilivyomwita, hakuwa na udugu nami. Alinichukua nikiwa na miaka ishirini na cheti cha shule kisichonifikisha popote. Alinifundisha kazi kwa subira, hakunigusa hata ukucha, na kila adhuhuri alinilisha. Hayo ndiyo mema yake. Yaliyobaki yote ni ya mwaka mmoja, mwaka wa themanini na tisa.

Ofisi yake ya safari ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, hatua chache kutoka sokoni, na harufu ya saruji ilipanda ngazi pamoja nasi kila asubuhi. Ubao wa plaiwudi ulikigawa chumba: mbele nilikaa mimi na mashine ya chapa, nyuma yeye na simu na feni iliyolia kama inaumwa. Ukutani palikuwa na ramani ya Kenya iliyopigwa na jua la dirishani mpaka kaskazini yote ikawa nyeupe. Saa saba mkewe alileta chakula kwenye beseni lililofunikwa kanga, wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha, na achari ya maembe iliyotuchoma midomo. Tulikula sinia moja, naye hupenda kujibu simu tonge limo kinywani. Biashara ilikuwa gari moja la abiria wanane. Huwachukua wageni mahotelini, huwapeleka Tsavo siku mbili, huwarudisha. "Mzungu ataka simba, kitanda na bia baridi," alikuwa akisema. "Ukimpa hayo matatu, umemaliza naye."

Mwezi wa Januari ikaja barua kutoka Ujerumani. Aliyeiandika aliitwa Otto, mwalimu wa historia aliyestaafu, naye alitaka kuja na mkewe Klara kwa majuma mawili. Kwao, aliandika, majumba ya ngome yako juu ya kila kilima, na maisha yake yote amewafundisha watoto habari zake. Sasa alitaka kuziona ngome za kwetu, na nchi ambayo haijachongwa na mtu. Aliongeza kwamba hawataki hoteli yenye bwawa la kuogelea. Mjomba alicheka mpaka akapaliwa. "Ngome tunayo moja, nayo iko ng'ambo kisiwani, asubuhi moja waimaliza. Siku zilizobaki watazame nini, mawe ya barabara?" Nikamwambia, "Niachie mimi, Mjomba." Akaifuta midomo, akanisukumia barua. "Haya. Ikikushinda, nitawapa simba."

Sikuwa nimewahi kulala nje ya Likoni na kijiji cha kwetu kusini yake. Nilikuwa sijaona mlima. Lakini kwa miezi mitano niliipanga safari ile kama mtu anayejijengea nyumba. Nilichukua kalenda ya mwaka uliopita, nikaigeuza, nikachora njia kwa penseli nyuma yake, na kila nilipopata neno jipya nilifuta nikachora tena. Nilimsimamisha dereva wa basi la Lamu nikamuuliza barabara hukatika wapi mvua zikinyesha. Nilimuuliza mwuguzi mmoja wa zahanati, Mtaita, baridi ya milima ya kwao ikoje alfajiri, naye aliniambia ukungu huingia mpaka jikoni ukakaa na watu. Niliwaweka siku moja katika magofu ya Gede, wapite kati ya kuta zilizomezwa na miti. Niliwapeleka Lamu, na kutoka Lamu kwa mashua mpaka ngome ya Siyu iliyosimama ukingoni mwa mikoko na haitembelewi na mtu. Niliwarudisha, nikawapandisha Taita, nikawateremsha kwenye mawe meusi ya moto wa zamani kule Tsavo, nikawaingiza msitu wa Shimba wakasikilize maporomoko. Kila nilipomaliza ukurasa niliusoma kwa sauti peke yangu. Nakumbuka raha ile, na kukumbuka kwenyewe kunanikera, kwa sababu sijapata kuifurahia kazi kama nilivyoifurahia ile.

Mjomba aliisoma yote kwa miwani, kidole kikifuata mistari. "Hii ni kazi ya mtu mzima," akasema, na mimi nikavimba kama andazi. "Lakini siku ya mwisho ni tupu. Nipe kitu ambacho ofisi za ng'ambo hazina." Nikamjibu pale pale, bila hata kumeza mate: "Kwetu kuna gome."

Chitsakani ni mwendo mfupi wa gari kusini ya Likoni, kisha njia ya miguu katikati ya mihogo. Gome, ndivyo kwetu tunavyoiita ngome kuukuu, lilikuwa kuta nne za matumbawe, pembe moja imeanguka, na ndani yake msikiti mdogo usio na paa, kidaka cha kibla bado kimesimama, na makaburi ya watu wetu. Nyuma kulikuwa na msitu wenye mbega weusi wa mabega meupe, na baada ya msitu ardhi ilikatika ghafla, ukuta wa mwamba ukaanguka baharini. Nani alilijenga, kila nyumba ilikuwa na hadithi yake, na nyumba zilikuwa saba. Hakuna hata moja iliyokuwa na hati. Shangazi yangu Mwanamisi alikaa katika nyumba iliyo karibu zaidi na ukuta. Alikuwa akiuza mbaazi na mahamri njia panda, na hakuwa mwanamke wa kukaa akatabiri mambo. Alikuwa wa kufanya kazi na kutukana. Kila Alhamisi yeye na wanawake wenzake walipika uji wa mchele wakaupeleka gomeni, wakafagia, wakawasomea wafu wao fatiha. Nilipomweleza habari za wageni alifurahi kuliko mimi. "Wala pilipili hao?" aliuliza. "Nisije nikaua Mjerumani bure."

Wakaja mwezi wa Agosti. Siku ya mwisho Mjomba aliliendesha gari mwenyewe, na kiti cha mbele alimweka bwana mmoja wa suti ya kijivu, akatuambia ni rafiki yake anayetaka kupunga upepo. Mzee Otto aliweka kiganja chake juu ya ukuta akakiacha hapo muda mrefu, kisha akalipima gome kwa hatua zake, akiandika katika daftari dogo. Mkewe aliwaona mbega akakaa chini mchangani na sketi yake, asitoe sauti. Tulikula uani kwa Shangazi, wali na kunde za nazi na samaki mkavu wa ng'onda wa kukaanga, na Bi Klara alikula kwa mkono, akarudia mara mbili, jambo lililomfanya Shangazi amwite "mwenzangu" siku nzima. Mzee Otto aliniomba niulize: hili gome ni la nani? Shangazi akacheka. "Mwambie ni la waliolala ndani. Sisi twawafagilia." Yule bwana wa suti hakula. Alizunguka pembezoni mikono iko nyuma, akanifuata mimi akaniuliza kisima kiko mbali gani na mwamba. Nikamwambia kwa hesabu ya hatua. Nilijua, kwani maji yale nimeyateka tangu utoto.

Wageni wakaondoka. Baada ya juma moja yule bwana alikuja ofisini, wakakaa na Mjomba nyuma ya plaiwudi, nikawapelekea chai ya tangawizi na kaimati, nikarudi mezani pangu. Plaiwudi haizuii kitu. Nikamsikia akiuliza, "Na karatasi wanazo?" Mjomba akajibu, "Karatasi? Wana makaburi." Wakacheka wote wawili. Nikasikia vijiko vikizunguka vikombeni. Nililisikia neno lile vizuri kama unavyonisikia sasa, na nikaendelea kupiga chapa. Hapa ndipo hasira yangu hunigeukia mwenyewe. Ningeweza kusimama. Ningeweza kumwambia Shangazi jioni ile ile, maana nilipita kwake nikanunua mahamri. Nilijiambia watu wazima wana mizaha yao.

Siku ya pili Mjomba akaja na kiti akakaa kando yangu, jambo asilolizoea. "Mwanangu, serikali yataka kulihifadhi gome lenu," akasema. "Wanataka maelezo. Nyumba, njia, kisima, makaburi, mpaka mwamba. Wewe wapajua kuliko mtu." Nikaandika kurasa mbili za Kiingereza. Sijapata kupiga chapa vizuri namna ile, hakuna herufi iliyofutwa. Nilipofika kwenye habari za nyumba saba alinitajia sentensi mwenyewe, nami nikaiweka kama alivyoitaja, kwamba hao ni wakaaji wa muda. Vidole vyangu viliyaandika maneno hayo juu ya nyumba nilimozaliwa, mama yangu akiwa mgeni wa Shangazi, na kichwa changu hakikushtuka, kwa sababu kilikuwa kinatazama mistari imenyooka. Chini kabisa, pembeni, nikatia herufi za jina langu, kama alivyonifundisha kwamba karani mzuri hufanya.

Mwezi wa Novemba, Alhamisi, tulikuwa tumeanza kula tuliposikia miguu mizito ngazini. Shangazi Mwanamisi alikuwa hajapata kupanda ofisini. Alisimama mlangoni na sufuria ya uji mikononi, kanga imemteleza kichwani, na hakuiinua.

"Karibu chakula, dada," Mjomba akasema.

"Twaha, kuna seng'enge Chitsakani. Kuna askari. Kaniambia hapa si pa kupita."

Mjomba akanawa mkono taratibu. "Dada yangu, kaa kwanza. Mahali pale wamepewa watu, watajenga hoteli. Kazi zitapatikana, vijana watanufaika. Mambo yamekwenda kihalali."

"Wamepewa na nani? Sisi ni nani, kuku?"

"Maelezo yapo. Yameandikwa kwamba ninyi mlikuwa hapo kwa muda."

"Yameandikwa na nani?"

Mjomba alinigeukia mimi, bila hata uso wa kuona haya, akasema, "Muulize mwanao."

Shangazi alinitazama. Nimetazamwa na watu wengi tangu siku ile, mahakimu, maofisa, madaktari, na sijaona jicho jingine kama lile. Aliiweka sufuria chini, pale pale kizingitini, akashuka ngazi. Nikaanza kumfokea Mjomba. Nilimwambia ni mwizi, ni mnafiki, amekula wali wa Shangazi huku akimpima kaburi. Naye akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akasema kwa upole ule ule wa kunifundishia kazi, "Hasira hasara, mwanangu. Kaa ule." Ni ule upole ulioniondoa akili. Nililiinua sinia, wali na mchuzi na samaki, nikalimimina juu ya mashine ya chapa, nikaona nazi ikichuruzika kati ya herufi. Kisha nikavuta saraka, nikatoa nakala za kaboni za zile kurasa mbili, nikazitia kifuani, nikaondoka. Sufuria ya uji niliipita kizingitini. Sikuwa na uso wa kuibeba.

Mwezi wa Disemba kukaitwa baraza. Watu wa nyumba saba walikaa upande mmoja, na upande wa pili wakakaa maofisa wawili na Mjomba Twaha, kofia nyeupe, tasbihi mkononi. Nilisimama bila kuitwa. Nikazisoma zile kurasa, nikazitafsiri neno kwa neno, kisima, njia, makaburi, wakaaji wa muda, na nilipofika chini nikazisoma na herufi za jina langu. Nilidhani ukweli ukishasemwa mbele ya watu, kitu fulani hutokea. Ofisa mmoja akasema malalamiko yaletwe kwa maandishi. Mwanamke wa nyumba ya tatu, rika la mama yangu, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kumbe kisima waliambiwa na huyu?" Ndilo swali pekee lililoulizwa siku ile, na jibu lake lilikuwa ndiyo. Shangazi alikuwa amekaa safu ya nyuma akitazama mikono yake.

Malalamiko tuliyaleta kwa maandishi. Niliyaandika mimi, kwa mkono, kwa kuwa sikuwa tena na mashine. Hayakujibiwa. Kabla mwaka haujageuka nyumba zilibomolewa, na watu wakatawanyika, wengine kwa jamaa zao Likoni humo humo, wengine mbali zaidi. Hoteli ilipokwisha kujengwa nilikiona kijitabu chao cha kuwaitia wageni. Walisema kuna kuta za kale na msitu ambao haujachongwa na mtu. Yalikuwa maneno ya barua ya Mzee Otto, niliyoyanakili katika mpango wangu wa safari, na mpango wangu ulibaki kwenye faili la Mjomba. Naye akapata ghorofa. Mimi nikapata kazi isiyokwisha: tangu hapo nimewaandikia watu wasio na hati barua zisizo na idadi, kutoka Likoni mpaka Changamwe, na nyingi zimekufa kwenye saraka za watu. Watu husema ninajitolea. Sijitolei. Nina ugomvi.

Shangazi alichukuliwa na binti yake, wakapanga vyumba viwili Kiembeni. Nilikwenda mara tatu. Mara tatu aliingia ndani akaniacha na binamu yangu na chai. Halafu, Januari ilipofika tena, hoteli haijaanza hata kujengwa, nikapata barua ya Ujerumani kwa anwani ya shule ya jirani niliyompa Mzee Otto nilipoagana naye. Alisema hakuna safari iliyopata kupangwa vizuri kama ile. Alitaka kuja tena Agosti na wajukuu wake, walale karibu na gome, kama ingewezekana katika nyumba ya yule mama aliyewapikia. Alimtumia salamu, na Bi Klara alikuwa ameongeza kwa mwandiko wake neno moja la Kiswahili, mwenzangu.

Niliipeleka Kiembeni. Shangazi alikuwa kwenye kibao cha mbuzi akikuna nazi katika kijia kati ya vyumba, miguu imebanwa kwa ufinyu, na safari hii hapakuwa na mahali pa kuingia pasipo kunipita. Nikaisoma barua nikiwa nimesimama, kwanza kwa Kiingereza kama mjinga, kisha kwa Kiswahili. Aliendelea kukuna. Nilipofika kwenye lile neno la Bi Klara mkono ukasita, kisha ukaendelea.

"Kalamu unayo?" akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu ngazi za ofisi.

"Abee. Ninayo."

"Andika. Mwambie gome lipo. Kuta zipo, mbega wapo. Watu ndio hawapo. Mwambie akitaka kuziona kuta, zina wenyewe sasa, awaulize hao. Akitaka kuniona mimi, aje hapa, nyumba ya pili baada ya kinu cha unga, nitampikia. Na wajukuu wake waje, wala pilipili au hawali. Lakini asinambie alipita kule kwanza. Akipita kule, asije kwangu. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Kama nilivyosema? Hukutia maneno mazuri mazuri?"

"Kama ulivyosema, Shangazi."

Akapangusa nazi iliyonata vidoleni. Nikamuuliza chini niweke jina la nani, maana barua haiendi bila jina.

"Langu," akasema, na sasa ndipo aliponitazama. "Lako limeshaandikwa pa kutosha."